Uchakavu wa Bunduki Bandia Jukwaani: Uhakiki wa Silaha kama Kifaa cha Maonesho katika Tamthiliya ya Kinjeketile

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna bunduki bandia zinavyochakazwa ili zionekane kongwe katika uigizaji wa tamthiliya za kihistoria za Kiswahili, hususani Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Hoja kuu ni kwamba mazoea ya kuipaka kila bunduki kutu na masizi yanachanganya mambo mawili tofauti: umri ambao silaha imeufikia leo, na uchakavu iliokuwa nao siku ya tukio linaloigizwa. Mchanganyiko huo unaathiri maana ya tamthiliya, kwa kuwa tanzia ya Kinjeketile imejengwa juu ya tofauti ya nguvu kati ya silaha za pande mbili. Uchambuzi unaongozwa na mtazamo wa kisemiotiki kuhusu vifaa vya jukwaani, na unatumia mazingira ya Makandana, mjini Tukuyu, kuonesha kuwa uchakavu wenye ukweli unaweza kupatikana kwa nyenzo zilizopo. Makala inahitimisha kwamba kuichakaza bunduki bandia ni kitendo cha kufasiri matini, na kwamba mwongozaji anapaswa kukiwajibikia kama anavyowajibikia matamshi ya waigizaji wake.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii huwafaa zaidi wahakiki wa sanaa za maonesho, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakitazama chombo kikielea bila kuuliza habari za fundi. Uhakiki wa tamthiliya ya Kiswahili umeshughulikia sana dhamira, wahusika, migogoro na lugha. Maleba yameguswa kwa kiasi. Kifaa cha mkononi, yaani kile anachokishika mwigizaji, kimeachwa kwa mtunza vifaa, kana kwamba hakina neno la kusema.

Bunduki ni kifaa kinachoonesha wazi upungufu huo. Tamthiliya zinazohusu upinzani dhidi ya ukoloni haziwezi kuikwepa. Kinjeketile inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mukwava wa Uhehe ya M. M. Mulokozi (1979) inahusu vita vya Wahehe na Wajerumani. Mzalendo Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo inahusu vita vya msituni nchini Kenya. Katika zote, anayeshika bunduki na asiyeishika wanatofautishwa na kitu kimoja kinachoonekana kwa macho. Kwa kuwa silaha halisi haziwezi kupandishwa jukwaani, fundi hutengeneza bandia. Bandia hiyo hutoka mikononi mwake ikiwa mpya: mbao iliyorandwa vizuri, rangi inayong'aa, kingo kali. Hapo ndipo huanza kazi ya pili, ambayo ndiyo mada ya makala hii: kuifanya iwe kuukuu.

Mazingira yaliyoteuliwa ni Makandana, kata ya mji wa Tukuyu inayofahamika zaidi kwa hospitali ya wilaya. Sababu za uteuzi ni tatu. Kwanza, Tukuyu ni mji uliokulia kandokando ya boma la Kijerumani. Wajerumani waliuita Neu-Langenburg baada ya kuhamisha makao yao kutoka Langenburg ya awali, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Pili, Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini Tanzania, na chuma kilichoachwa wazi hapo hakichelewi kushika kutu. Tatu, Rungwe haikuwa uwanja wa Vita vya Maji Maji. Hadhira ya Makandana inayotazama Kinjeketile haina kumbukumbu ya kifamilia ya vita hivyo ya kuisahihisha picha inayooneshwa. Inachokiona jukwaani ndicho itakachoondoka nacho.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Wanasemiotiki wa maonesho wanakubaliana juu ya msingi mmoja: kila kinachowekwa jukwaani huwa ishara. Tadeusz Kowzan, katika mgawanyo wake wa mwaka 1968, aliorodhesha mifumo 13 ya ishara za maonesho, na vifaa vya mkononi akavipa nafasi yake pekee, sambamba na maneno, miondoko na maleba. Kabla yake, mwaka 1940, Jiří Veltruský wa mkondo wa Praha alikuwa amedokeza kwamba mpaka kati ya mwigizaji na kitu si wa kudumu. Kitu kinaweza kupanda ngazi kikawa mtendaji, na mtu akashuka akawa sehemu ya mandhari.

Andrew Sofer, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu maisha ya vifaa jukwaani, anaongeza suala la wakati. Kwake, kifaa kina historia kabla ya onesho, kinapita mikononi mwa wahusika na kinabadilika maana kadiri kinavyosogea. Bunduki ameipa sura nzima, kwa kuwa ni kifaa kinachoielekeza hadhira mbele: inapoonekana, mtazamaji huanza kusubiri mlio. Usia maarufu wa Anton Chekhov, kwamba bunduki iliyowekwa jukwaani sharti ilie, unahusu mwelekeo huohuo wa mbele.

Makala hii inageukia upande wa nyuma. Mikwaruzo, madoa na weusi wa bunduki ni ishara zinazosimulia yaliyotokea kabla pazia halijafunguliwa: nani aliishika, kwa miaka mingapi, na aliitunza vipi. Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1955 kuhusu maradhi ya maleba, alionya dhidi ya usahihi wa kihistoria unaogeuka kuwa shabaha yenyewe na kulimeza onesho. Onyo hilo linazingatiwa hapa. Kinachotafutwa katika uchakavu ni hoja ambayo tamthiliya inaihitaji. Wingi wa vielelezo vya kihistoria si lengo.

Ili kurahisisha uchambuzi, aina mbili zinatofautishwa. Ukale wa makumbusho ni hali ya kitu kilichoacha kutumika na kuachiwa hewa, unyevu na vumbi. Uchakavu wa matumizi ni hali ya kitu ambacho bado kiko kazini. Cha kwanza huchakaa kila mahali kwa pamoja, ilhali cha pili huchakaa pale tu kinaposhikwa, kinaposuguliwa na kinapogongwa.

3.0 Uchambuzi

3.1 Bunduki ya askari: kuukuu kwa modeli, nzima kwa matunzo

Mazoea yaliyoenea katika maonesho na filamu za kihistoria ni kuipaka silaha ya kale rangi ya kutu. Mantiki yake inaeleweka. Mwaka 1905 ni zamani. Vitu vya zamani vina kutu. Kwa hiyo bunduki ya 1905 iwe na kutu. Kosa limo katika hatua ya pili. Mwaka 1905 haukuwa zamani kwa watu walioishi humo. Askari aliyesimama mbele ya wapiganaji wa Umatumbi alikuwa ameshika kitendea kazi cha siku ile.

Ukweli wa kihistoria unafanya jambo hili liwe gumu zaidi, na lenye faida zaidi kwa mhakiki. Silaha ya kawaida ya askari wa Kiafrika katika jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki ilikuwa Mauser ya modeli ya 1871, bunduki ya risasi moja moja, yenye kipenyo cha milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Huko Ulaya ilikwishapitwa na wakati kabla ya karne ya 19 kumalizika, kwani baruti isiyotoa moshi ilianza kuenea katika majeshi tangu miaka ya 1880. Kwa hiyo askari wa 1905 alishika modeli yenye umri wa zaidi ya miaka 30. Hata mwaka 1914 kombania nyingi za jeshi hilo zilikuwa bado zinaitumia.

Je, hilo halihalalishi kutu? La. Bunduki ya baruti nyeusi haivumilii uzembe. Masalia ya baruti hiyo hufyonza unyevu na kuula mtutu kwa ndani. Isiposafishwa mapema baada ya kufyatuliwa, huharibika. Jeshi lililotegemea modeli ya zamani lilitegemea pia nidhamu ya kuitunza. Uchakavu wake ulikuwa wa matumizi: komeo lililong'arishwa na kiganja, mbao iliyokuwa nyeusi shingoni mwa kitako kwa jasho, ncha ya kitako iliyokwaruzika kwa kutuliwa chini katika gwaride, ubavu uliosuguliwa na mkanda wa bega. Sehemu zilizobaki zilikuwa na mafuta.

Kuna kinaya ndani ya ufundi huu. Masalia ya baruti nyeusi huyeyuka kwa maji, na maji ya moto ndiyo njia ya kawaida ya kuusafisha mtutu wa bunduki ya aina hiyo kabla ya kuukausha na kuupaka mafuta. Katika vita ambavyo upande mmoja uliamini kwamba maji yatageuza risasi, maji yalikuwa yakitumika upande wa pili kuifanya bunduki iendelee kufyatua risasi. Tamthiliya ya Hussein haisemi hivyo, wala haihitaji kusema. Lakini mwongozaji anayeujua ukweli huu anaweza kumweka askari pembeni mwa jukwaa, kimya, akimimina maji mtutuni, na maana ikazaliwa bila neno hata moja kuongezwa kwenye matini.

3.2 Gobori: ukuukuu wa kweli

Upande wa pili wa vita una silaha tofauti. Mbali na mikuki na mishale, wapiganaji wa kusini walikuwa na magobori, yaani bunduki za kushindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Kuwepo kwa magobori hayo hakukuwa ajali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mwanya kwa bunduki za kushindilia zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Sera ya mataifa ya Ulaya ilihakikisha kwamba Mwafrika abaki na silaha ya karne iliyopita.

Gobori, basi, ndilo linalostahili ukuukuu. Hata hivyo, ukuukuu huo nao una mpangilio. Chuma chake hulika zaidi karibu na mtambo wa kuwashia, ambako baruti hulipukia. Mbao ya hapo huungua na kuwa nyeusi. Kitako kilichopasuka hufungwa kwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hukaza. Mbao yote huwa na rangi nzito ya moshi, kwa kuwa bunduki hutunzwa ndani ya nyumba yenye moto. Gobori lililotengenezwa hivyo halimwambii mtazamaji kwamba mwenye nalo ni mzembe. Linamwambia kwamba huyu ni mtu aliyekikarabati kitu kimoja kwa miaka mingi kwa sababu hakuwa na njia ya kupata kingine.

Hapa tofauti ya nguvu inaonekana bila hotuba. Bunduki mbili zikiwekwa sambamba, moja yenye mafuta na nyingine yenye viraka vya ngozi, hadhira inaelewa kwa nini watu wenye akili timamu waliyahitaji maji. Zikipakwa kutu ileile, uelewa huo unapotea.

3.3 Athari kwa tanzia ya Kinjeketile

Kiini cha Kinjeketile ni neno linalompokonya msemaji wake mamlaka. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka na maji, na kwa maji hayo watu waliogawanyika wanaungana. Umoja unapopatikana, haumsubiri tena. Yeye anataka wangoje. Wao wanataka kupigana. Kitunda, aliyekabidhiwa kuwafunza wapiganaji, anaona hatari ya imani inayochukua nafasi ya mafunzo. Mwishoni Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa gharama yake anaijua, kwa kuwa tamko hilo lingewafikia watoto ambao hawajazaliwa.

Tanzia hii inasimama juu ya sharti moja: hatari iwe ya kweli. Tahadhari ya Kinjeketile na mashaka ya Kitunda vina uzito ikiwa tu bunduki za upande wa pili zinatisha. Mtazamaji akiona mikononi mwa askari chuma kilichooza, kama kilichofukuliwa ardhini jana, hatamwelewa Kitunda. Atajiuliza kwa nini jeshi kubwa namna ile lishindwe na mabaki ya makumbusho, na jibu jepesi litakalomjia ni kwamba watu wale walikuwa wajinga. Hilo ndilo jibu ambalo tamthiliya nzima imeandikwa kulipinga.

Uzito wa jambo hili unatokana na historia yenyewe. Tarehe 30 Agosti 1905, washambuliaji wa boma la Mahenge walikabiliwa na bombomu na wakafa kwa wingi. Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000 kwa vita vyote. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyofuatia kuchomwa kwa mashamba na maghala. Onesho linalozionesha silaha za wauaji kama takataka linawapunguzia wafu sababu ya kufa kwao.

3.4 Silaha inayohama mikono: mfano wa Lugalo

Mukwava wa Uhehe inaleta tatizo la aina nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi ya Mkwawa yaliangamiza msafara wa Emil von Zelewski na kuteka takribani bunduki 300. Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana hadi kifo chake Julai 1898.

Bunduki iliyotekwa siku ya Lugalo na bunduki hiyohiyo miaka saba baadaye ni vifaa viwili tofauti kwa mtunza vifaa. Ile ya 1891 ina mafuta ya ghala la Kijerumani. Ya 1898 imeishi porini, mbali na karakana, bila vipuri. Mkanda wake wa awali hauna budi kuwa umekatika na kubadilishwa kwa ngozi ya mnyama. Mbao yake ina alama za mikono iliyoithamini kwa namna nyingine. Onesho linaloifuata historia hii lingeweza kutumia bandia ileile na kuichakaza kati ya sehemu moja na nyingine, hadhira ikaona miaka inapita juu ya kitu kimoja. Hapa wazo la Sofer kuhusu maisha ya kifaa linapata mfano wake wa Kiafrika, na linapata pia nyongeza: kifaa kinaweza kuhama upande wa kisiasa kikiwa bado kimebeba alama za mwenyewe wa kwanza.

Mzalendo Kimathi nayo inastahili kutajwa kwa ufupi. Humo bunduki inafichwa ndani ya mkate na kupita mikononi mwa vijana. Kifaa hicho kikionekana kimezeeka, mfanano wake na chakula cha kesho unadhoofika. Kwa upande mwingine, wapiganaji wa msituni nchini Kenya walikuwa pia na bunduki za kujiundia kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Hizo zilikuwa mpya siku zilipotumika, na upya huo wa kuungaunga ndio ushahidi wa ubunifu wao. Kuzipaka ukale ni kuufuta ushahidi huo.

4.0 Ufundi wa Kuchakaza katika Mazingira ya Makandana

Huenda ikadhaniwa kwamba hoja zilizotangulia zinahitaji karakana ya gharama. Mfano wa mwongozaji anayeandaa Kinjeketile katika ukumbi wa shule pale Makandana unaonesha vinginevyo. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini nyenzo zake ni za kweli.

Bandia huchongwa kwa mbao ya msindano, inayopatikana kirahisi nyanda za juu kusini. Mtutu hutengenezwa kwa fimbo ya mbao isiyo na tundu linalopita, ili kifaa kisiweze kwa namna yoyote kugeuzwa kuwa silaha. Msindano ni mweupe, na rangi ya dukani hukaa juu yake kama ngozi ya kuazima. Chai ya Rungwe inatoa suluhisho. Majani yaliyochemshwa yakawa mazito hupakwa kwenye mbao, yakaiachia tanini ambayo msindano wenyewe unayo kidogo sana. Baadaye hupakwa siki iliyolowekewa misumari yenye kutu kwa siku kadhaa. Chuma kilichomo ndani ya siki kinapokutana na tanini, mbao hugeuka nyeusi kutoka ndani ya nyuzi zake. Weusi huo haubanduki kwa kukwaruzwa, na kwa hiyo unafaa gobori.

Kwa bunduki ya askari mpangilio unabadilika. Mbao hupewa chai peke yake, kisha hupakwa mafuta mara kadhaa. Sehemu za chuma hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa, halafu husuguliwa unga wa penseli laini kwa kitambaa mpaka ziakisi mwanga mzito kama chuma. Baada ya hapo msasa mwembamba hupitishwa mahali pachache tu: kichwa cha komeo, kingo za mdomo wa mtutu, kilinzi cha kifyatulio, ncha ya kitako. Rangi ya viatu ya kahawia huingizwa kwenye pembe za ndani ambazo kitambaa cha askari kisingefika. Hakuna kutu.

Hatua muhimu zaidi haihitaji nyenzo yoyote. Mwigizaji hukabidhiwa kifaa wiki kadhaa kabla ya onesho, akafanya nacho gwaride, akakiegemeza, akakituliza chini, akakibeba begani. Alama zinazojitokeza zenyewe humwonesha fundi mahali pa kuongeza. Msasa hufuata mkono. Fundi anayeanza na msasa kabla ya mkono huishia kuweka mikwaruzo mahali ambapo hakuna mtu angeshika, na jicho la mtazamaji, hata asiyejua lolote kuhusu bunduki, huhisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Mazingira yenyewe ni mwalimu. Chuma kilichosahauliwa nje wakati wa mvua za Rungwe huonesha ukale wa makumbusho ndani ya muda mfupi. Kinyume chake, jembe linalolimiwa kila siku lina wembe mweupe na mpini ulioiva kwa viganja. Jengo la boma nalo liliendelea kutumika kwa shughuli za utawala baada ya Wajerumani kuondoka. Ngazi ikanyagwayo huchakaa katikati, si pembeni. Mwanafunzi wa Makandana anayetakiwa kutofautisha aina mbili za uchakavu ana vielelezo vyake njiani kwenda shule.

Ipo pia kumbukumbu ya silaha isiyoonekana. Kombania ya tano ya jeshi la Kijerumani ilikuwa na kituo Masoko, kusini-mashariki mwa Tukuyu, kando ya ziwa dogo lililo ndani ya kreta. Septemba 1914 majeshi ya upande huu yalishambulia Karonga. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliiteka Neu-Langenburg. Masimulizi ya wenyeji yanadai kwamba Wajerumani walitupa ziwani silaha na mali kabla ya kuondoka. Kwa mhakiki, thamani ya masimulizi hayo haitegemei kilichomo majini. Yanaonesha kwamba katika fikra za wakazi bunduki ya Mjerumani tayari ni kitu kilichozama, kilichooza, kisichoweza tena kumdhuru mtu. Picha hiyo ndiyo ambayo jukwaa linapaswa kushindana nayo.

Mwisho, bandia inavyozidi kusadikika ndivyo wajibu unavyoongezeka. Umiliki wa silaha nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na raia anayeona mtutu barabarani hana namna ya kujua kwamba ni msindano na chai. Kifaa kisafirishwe kikiwa kimefungwa, kiwe na mtunzaji mmoja, na kituo cha polisi kiarifiwe kabla ya mazoezi ya nje.

5.0 Hoja Kinzani

Hoja mbili zinaweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni ya umbali: mtazamaji wa mstari wa nyuma haoni kichwa cha komeo. Ni kweli. Lakini anaona mwanga. Chuma chenye mafuta huakisi taa kila mwigizaji anapogeuka, na chuma chenye kutu huimeza. Zaidi ya hayo, mwigizaji mwenyewe yuko karibu. Kifaa kilichotunzwa humfundisha kushika kwa nidhamu, na nidhamu hiyo inafika hadi mstari wa mwisho.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Sanaa za maonesho za Kiafrika hazijawahi kuhitaji uhalisia wa vifaa. Wachezaji wa beni waliiga gwaride la kizungu, na hadhira ikaelewa kejeli na tamaa iliyokuwamo bila ghala la silaha. Kwa nini Kinjeketile isichezwe kwa vijiti? Jibu ni kwamba inaweza kuchezwa hivyo, na pengine vizuri zaidi. Kijiti hakidai kuwa ushahidi. Kinamwomba mtazamaji aikamilishe bunduki kwa fikra zake, na mtazamaji akikubali, anaijenga nzima na yenye kuua. Kasoro iko katikati: bandia inayodai uhalisia kwa umbo lake, kisha ikautumia uhalisia huo kusema uongo kwa rangi yake. Mwongozaji asiye na muda wa kufikiria uchakavu ni heri achukue kijiti.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kuichakaza bunduki bandia ni tendo la kufasiri matini. Kutu, mafuta, kiraka cha ngozi na weusi wa jasho ni kauli kuhusu nani alikuwa na nguvu, nani alinyimwa, na nani alitunza alichokuwa nacho. Mazoea ya kuzizeesha silaha zote kwa namna moja yanaiondoa tofauti hiyo, na katika Kinjeketile yanageuza tanzia ya watu waliokabiliwa na nguvu halisi kuwa kisa cha watu waliodanganyika.

Kwa watafiti wa sanaa za maonesho, inapendekezwa kwamba uhakiki wa onesho la kihistoria uchunguze vifaa kwa maswali matatu: kitu hiki kilikuwa na umri gani siku ya tukio; nani alikuwa akikitunza, na kwa nyenzo zipi; na alama zake zimekaa mahali ambapo mkono ungezifanya? Kwa waongozaji wa shule na vyuo, inapendekezwa kuwa kila bunduki inayopanda jukwaani iandikiwe historia fupi ya mwenyewe kabla ya kuguswa na msasa. Sentensi tatu zinatosha. Fundi akizisoma, atajua pa kusugua, na atajua pia pa kuacha.